Hela Ikishaingia Benki Bado Si Yetu

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha bodi ya shirika letu hapa Kirumba, Mwanza, tulipofika ajenda ya taarifa ya fedha, mjumbe mmoja ambaye ni mzee ninayemheshimu sana aliinua mkono akasema, "Mama mhasibu, hizo milioni 11 zilizobaki kwenye mradi wa chanja za kuanikia dagaa tununue kiwanja Buhongwa kabla mwaka haujaisha, maana tukichelewa zitarudi kwa wenyewe." Nilimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, umeshasema mwenyewe kwamba wenyewe wapo." Watu wakacheka, tukaendelea na ajenda. Hata hivyo hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu kuisikia hoja hiyo, kwamba fedha za mfadhili zikibaki ni zetu, baada ya maofisa wetu wawili wa mradi na shemeji yangu, na kwa kuwa nimekaa kwenye uhasibu wa miradi miaka 16, nimeona ni heri niandike mara moja kuliko kuendelea kujibu mmoja mmoja.

Fedha za mradi huu zinatoka serikali ya Ujerumani. Wizara yao ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, BMZ, hulilipia shirika binafsi la Kijerumani hadi asilimia 75 ya gharama za mradi unaofanywa na mshirika wa nje, na asilimia 25 inayobaki inatafutwa na shirika hilo pamoja na mshirika wake. Maombi huchambuliwa kwanza na taasisi ya Engagement Global. Mwenye mkataba na serikali ni shirika la kule; sisi wa Kirumba tuna mkataba na shirika hilo tu, nao unatubebesha masharti yaleyale waliyobebeshwa wao, pamoja na haki ya ofisi ya taifa ya ukaguzi ya Ujerumani kuja kufungua majalada yetu ikitaka. Mwanza ina undugu na jiji la Würzburg tangu mwaka 1966, na nadhani undugu huo umewazoesha wengi kuona kila euro kama salamu kutoka kwa rafiki. Mimi sijawahi kuona salamu inayokuja na mkaguzi.

Siku fedha zinapoingia kwenye akaunti ya mradi, ninaziandika upande wa madeni. Wajumbe wapya wa bodi hushtuka wakiona hivyo, na mmoja aliwahi kuniuliza tumekopa lini. Hatukukopa, lakini tunadaiwa kazi: kila gharama halali inapofanyika na kuthibitishwa, deni hupungua kwa kiasi hicho, na kilichobaki kinaendelea kuwa deni mpaka kitumike kama ilivyokubaliwa au kirudishwe. Kwa maneno mengine, kilichoidhinishwa ni kikomo cha gharama ambazo mfadhili yuko tayari kuzibeba, kasma kwa kasma, yaani fungu kwa fungu la bajeti, ndani ya tarehe zilizoandikwa. Kanuni zetu wenyewe hapa Tanzania za mwaka 2018 kuhusu mashirika yasiyo ya kiserikali zinatutaka kutangaza hadharani fedha tunazopokea, na kupeleka kwa Msajili wa mashirika hayo mkataba wowote unaozidi shilingi milioni 20. Sina ugomvi na kanuni hizo, ila tangazo likibandikwa ubaoni leo, kesho tunapokea wageni watatu wanaoomba madawati.

Sasa niseme kuhusu jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni tofauti ya viwango vya kubadilisha fedha, kwa sababu hapo hata watu wenye shahada za biashara huteleza. Katika zile milioni 11, milioni 4 zilibaki kwa sababu mafundi walimaliza mapema. Milioni 7 hazikutokana na ubanaji wowote wa matumizi. Bajeti yetu ilipigwa kwa euro moja kwa shilingi 2,700. Awamu ya pili ya euro 35,000 ilipobadilishwa, benki ilitupa 2,900 kwa kila euro, na ile tofauti ya shilingi 200 ikazaa shilingi milioni 7. Mtu anaona hapo kwamba tumefanya biashara tukapata faida, na faida ni ya mfanyabiashara. Lakini biashara ilifanyika kwa mtaji wa nani? Mradi umeidhinishwa kwa euro. Shilingi zikiongezeka, maana yake ni kwamba kazi ileile sasa inahitaji euro chache zaidi, na euro zisizohitajika ni za mradi kama zilivyokuwa tangu mwanzo.

Wanaodai faida hiyo huwa hawaonekani shilingi inapopanda. Mwishoni mwa mwaka 2024 dola iliyokuwa karibu shilingi 2,700 mwezi Oktoba ilishuka hadi karibu 2,400 mwezi Desemba, na kwa mshirika aliyepanga kupokea dola 20,000 hilo lilikuwa pengo la karibu shilingi milioni 6, huku mishahara, kodi ya ofisi na mafuta vikiwa vimeshakubaliwa kwa shilingi. Sikumsikia mtu hata mmoja mwezi ule akipendekeza kwamba hasara nayo iwe yetu tuigawane. Wote walikuja mezani kwangu kuniuliza mfadhili ataongeza lini. Nikiri pia kwamba uwanja huu hauko sawa, kwa sababu faida ya kubadilisha fedha huwa ya mradi moja kwa moja, ilhali hasara hubebwa na kasma zetu mpaka tuombe, na kuomba si kupewa. Nimelisema hilo kwa washirika wetu zaidi ya mara moja, wakanielewa vizuri sana, na mkataba uliofuata ukaja na kifungu kilekile.

Riba ya benki nayo ni ya mradi. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, soma mkataba kabla ya kununua, kwa sababu kuna wafadhili wasioikubali hata kidogo. Mchango wa nguvukazi ya wananchi, kama sehemu ya fungu la mshirika, unakubalika chini ya kanuni za Marekani ukithaminiwa na kuandikwa ipasavyo. Kwingine utaambiwa ulete fedha taslimu.

Kuhusu stakabadhi ninaandika kwa uangalifu, kwa sababu hapo uhakika wangu unapungua. Mradi ulipoanza tulikwenda mwalo mmoja wa Ukerewe kununua nguzo za chanja. Mama aliyekuwa akiziuza alikuwa amezipanga kwa urefu, kila moja ameigonga kwa kisu tuone kama ina wadudu, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya duka la mjini. Mashine ya EFD ya kutolea stakabadhi za kielektroniki hakuwa nayo, profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, hakujua ni kitu gani, na jina lake aliweka kwa dole gumba. Tulinunua mjini, nguzo ghali na mbovu zaidi, zikavushwa na boti, na jalada likawa safi kabisa. Mkaguzi alilisifu. Ninapolikumbuka hilo sijui kama nililinda fedha za umma au nililinda jalada.

Siku nyingine nilijaribu kinyume chake. Ofisa wetu alikodi mitumbwi kwa siku tisa akitembelea visiwa vidogo, na kwa kuwa wenye mitumbwi hawakuwa na vitabu vya stakabadhi, aliandika zote tisa mwenyewe, wao wakasaini. Safari zilifanyika, mimi mwenyewe nilikuwemo katika mbili. Mkaguzi aliona mwandiko mmoja, akaandika hoja ya ukaguzi, na shilingi 860,000 zikawa gharama zisizokubalika, tukazilipa kwa michango ya wanachama. Ofisa alilia. Mpaka leo siwezi kusema mkaguzi alikosea, kwa sababu karatasi aliyoiona ndiyo hasa karatasi ambayo mwizi angeileta.

Kuna anayesema basi angalau mkataba uliosainiwa ni hela ya uhakika. Januari 20, 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa siku 90, barua za kusimamisha kazi zikafuata ndani ya siku chache, na ilipofika Julai mosi shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kutekeleza misaada. Walioumia haraka zaidi ni wale waliokuwa wakitumia kwanza na kulipwa baadaye, maana fedha zao walikuwa wameshatoa na madai yao yakakwama njiani. Mikataba yao ilikuwa na saini zote.

Turudi kwenye milioni 11. Salio la namna hii lina njia mbili tu, kuliombea kibali au kulirudisha, na kibali huombwa kabla ya kutumia. Ninasisitiza kabla, kwa kuwa barua inayoandikwa baada ya kununua haiombi kibali, inakiri kosa. Mradi unaisha Desemba 31. Jumatatu nimewaandikia washirika wetu tukiomba salio lijenge chanja nyingine kwa kikundi cha akina mama kilichoachwa nje ya awamu ya kwanza, nikaambatanisha mchanganuo wa bei na muhtasari wa kikao, isipokuwa ile sehemu ya kiwanja. Jibu likiwa hapana, fedha zitarudi, na ada ya benki ya kuzirudisha itatoka mfukoni mwetu, kwa sababu itakuwa imelipwa baada ya muda wa mradi kwisha. Ada hiyo nimeshaiweka kwenye ajenda ya kikao kijacho, chini kidogo ya kiwanja cha Buhongwa, ambacho mzee wetu amekataa kifutwe.