Kituo cha ishara: mkono wa abiria ni taarifa, si ombi

Kituo cha ishara ni kituo ambacho basi halisimami mpaka mtu amjulishe dereva. Anayesubiri kando ya barabara ananyoosha mkono ili aonekane, aliyemo ndani anabonyeza kengele, anagonga bodi au anapaza sauti, "Shusha!" Pasipo mkono wala sauti, gari linapita. Kinyume chake ni kituo cha lazima. Hapo basi husimama awepo mtu asiwepo, kama treni ya Kigoma inavyosimama Uvinza na Nguruka kwa kuwa ratiba imesema isimame.

Hapa Kigoma hatuizungumzii sana tofauti hiyo. Tuliyoizoea ni nyingine, ya kituo na kituo bubu. Kituo bubu ni mahali ambapo hakuna aliyeweka kibao, lakini watu wamepapandia magari miaka nenda rudi: penye mwembe, kwa fundi baiskeli, kona ya msikiti. Ububu ni suala la kibali. Lazima na ishara ni suala la jukumu: ni nani anayewajibika kulifanya gari lisimame, abiria au dereva? Nimesikia watu wakibishana kama ni haki kumtaka abiria apunge mkono, na mara nyingi ubishi hauishi kwa sababu mmoja anazungumzia kibali na mwenzake anazungumzia jukumu.

Panda Hiace ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji saa tano asubuhi, uone mambo yanavyokwenda. Anayetoa ishara ya kwanza ni gari lenyewe. Dereva anapiga honi akimwona mtu hata kama yuko mbali na barabara, konda ametoa kichwa mlangoni anaita, "Ujiji, Ujiji! Mama, twende?" Mama mwenye ndoo ya dagaa hajainua hata kidole, lakini gari limeshapunguza mwendo linamngoja avuke mtaro. Sababu yake ni hesabu. Dereva na konda wana kiasi ambacho lazima wampelekee mwenye gari jioni. Baada ya hapo na mafuta, kinachobaki ndicho chao. Saa tano abiria ni wachache, kwa hiyo gari ndilo linalomwomba abiria. Saa kumi na mbili jioni mambo hugeuka. Watu wamejaa kituoni, gari linapita limeshona, na mkono wako unaweza kukaa hewani mpaka uchoke.

Kushuka nako kuna utaratibu wake, na mimi nauheshimu. Konda anaita jina la kituo kabla hakijafika: "Buzebazeba wapo?" Akijibiwa "Wapo!" anagonga bodi na dereva anasogea kando. Kukiwa kimya anasema "Twende," na gari halipunguzi mwendo. Huo ni utaratibu kamili wa vituo vya ishara, ila anayeuliza ni gari. Ndani yake kuna kitu ambacho mashine haijaweza kukifanya. Bibi akipanda Mwanga anamwambia konda palepale, "Mwanangu, unishushe pale msikitini, macho yangu hayaoni vizuri." Konda anajibu, "Sawa bibi." Baada ya hapo bibi hana kazi ya kuchungulia dirishani wala kupaza sauti. Ishara ameshaitoa mapema, na kuna mtu anayeikumbuka kwa niaba yake.

Kitufe cha kengele kilienea Ulaya na Japani kadiri makonda walivyoondolewa na dereva akabaki peke yake. Kengele ikachukua nusu ya kazi ya konda. Inapokea ujumbe, lakini haiulizi, haikumbuki, na haijui kwamba aliyesimama nyuma ameshindwa kuifikia kwa sababu amebeba mtoto.

Kwa nini basi vituo vyote visiwe vya lazima? Kwa sababu kusimama kuna gharama. Tuseme ruti ina vituo 20, na katika safari moja vituo 12 havina mtu wa kupanda wala kushuka. Kila mahali gari liliposimama bure likipoteza sekunde 20 za kupunguza mwendo, kusimama na kuondoka tena, hizo ni dakika 4 kwenda, na dakika 8 kwenda na kurudi. Mizunguko minane kwa siku ni zaidi ya saa nzima. Ongeza mafuta. Gari lililobeba watu likisimamishwa katikati ya mlima wa kutoka Stesheni, kuondoka tena kwa gia namba moja kunakula mafuta kuliko kupanda moja kwa moja. Mwenye kulipia yote hayo mwishowe ni abiria. Kwa hiyo ninaposema ishara ina matatizo, sisemi ifutwe.

Miji imegawanyika juu ya jambo hili. London kwa miaka mingi walikuwa na mabango mawili. Duara jekundu kwenye bango jeupe lilikuwa na maana kwamba basi husimama daima. Duara jeupe kwenye bango jekundu, basi husimama kwa ishara. Usiku vituo vyote vilihesabiwa kuwa vya ishara. Singapore na Dublin abiria hunyoosha mkono, na mgeni asiyejua huachwa amesimama. Ujerumani kwa kawaida inatosha kusimama kituoni, dereva akuone. Na hapa nchini, mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016 katika awamu ya kwanza yenye kilomita karibu 21, yana vituo vyenye jukwaa katikati ya barabara. Basi la mwendokasi linalosimama kila kituo linafika, milango inafunguka, wanaoshuka wanashuka. Hakuna anayepunga mkono.

Kwetu tuna mfano mwingine, wa majini. MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kabla haijasimama kwa matengenezo, ilikuwa ikishuka ziwa kwenda Kasanga na Mpulungu, na vijiji vingi ilivyovihudumia njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama majini na kupiga honi, mitumbwi ikatoka ufukweni na abiria, mizigo na magunia ya dagaa. Meli ilitimiza wajibu wake wa kusimama, na abiria alitimiza wake wa kuifuata. Maboti ya Kibirizi yanayokwenda kaskazini kupita Gombe yanafanya kazi kwa ishara: mtu akipunga kutoka ufukweni, boti linakata kona kumfuata. Kwa maboti hayo, ishara ikishatolewa inamfunga mwenye chombo. Nahodha haangalii kwanza kama anayepunga ni mtu mzima au mtoto.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana hii, na ndipo inapoharibiwa barabarani. Ukisikia mtu anasema "kituo cha kuomba", neno hilo linapotosha. Anayeomba anaweza kunyimwa. Ishara ya abiria si ombi la hisani; ni taarifa kwamba huduma ambayo gari lina leseni ya kuitoa inahitajika mahali hapa, sasa hivi. Tofauti ya kituo cha lazima na cha ishara iko kabla ya mkono kunyooshwa. Baada ya mkono kunyooshwa, havina tofauti tena. Dereva wa kituo cha ishara aliyemwona abiria, na gari lina nafasi, anawajibika kusimama sawasawa na yule wa kituo cha lazima.

Sasa simama kituoni karibu na shule yoyote hapa mjini saa tisa na nusu alasiri. Watoto wamevaa sare, mikono iko juu, na magari yanapita. Wanaonekana vizuri sana. Shida ni kwamba nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na dereva mwenye hesabu kichwani anaona viti vitano vya nauli ndogo mahali ambapo angeweza kupata viti vitano vya nauli kamili kituo cha mbele. Mtoto wa dada yangu, aliye darasa la sita, siku moja alifika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa. Magari matano yalimpita akiwa amenyoosha mkono. La sita lilisimama, konda akasema, "Mwanafunzi mmoja tu," na walikuwa wanne. Wakamsukuma mbele aliyekuwa mdogo kuliko wote. Mtoto wa dada yangu akasubiri la saba. Nilipomuuliza kwa nini hakutembea, alinijibu, "Mjomba, nilidhani hawanioni, nikawa nasogea barabarani." Sentensi hiyo bado inaniuma. Mtoto aliamini kosa ni la mkono wake.

Kituo cha lazima kinafunga mlango huo. Mahali ambapo kila gari husimama, gari lisiposimama kila mtu anaona: askari, abiria waliomo ndani, mwalimu aliye getini. Mahali pa ishara, dereva ana jibu jepesi siku zote: "Sikumwona." Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mtoto wa miaka kumi na miwili.

Kuna wengine ambao mzigo huo hawawezi kuubeba kabisa. Ili unyooshe mkono inabidi kwanza ujue kwamba gari linalokuja ni lako, yaani usome maandishi ya ruti kwenye kioo cha mbele likiwa bado mbali. Mtu asiyeona hawezi. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Wakiweza kuyasoma, gari limeshafika mbele yao na dereva ameshaamua. Wanabaki na njia mbili, kusimamisha kila gari na kuvumilia maneno ya makonda, au kumtegemea aliyesimama jirani. Uingereza baadhi ya abiria wasioona hutumia kadi zenye namba kubwa ya ruti. Wanaishika mbele ya kifua, na dereva wa namba hiyo anajua anaitwa yeye. Ni kitu cha bei ndogo. Lakini hata kadi hiyo inategemea dereva aliyefundishwa kwamba akiiona hana hiari.

Usiku ishara inaweza pia kutumika kumwongezea abiria usalama. Toronto, Kanada, ulianzishwa mwaka 1991 mpango wa kuwaruhusu wanawake wanaosafiri usiku wamwambie dereva awashushe kati ya kituo na kituo, karibu na nyumbani. Makonda wetu wengi hufanya hivyo bila mpango wowote. "Dada, wewe nakushusha hapo mbele penye taa" ni maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi, na ingawa mahali penyewe huwa ni kituo bubu na askari akikuta gari hapo dereva anaweza kupigwa faini, mimi siwezi kumlaumu konda huyo.

Kwa mji wetu ningependa vituo vigawanywe. Masanga stendi, Stesheni, soko la Mwanga, Hospitali ya Maweni, sokoni Ujiji na vituo vya karibu na shule wakati wa kuingia na kutoka viwe vya lazima, na kibao chake kiwe cha rangi inayojulikana. Hospitalini kwa sababu mgonjwa hapaswi kupunga mkono. Shuleni kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Vingine vyote vibaki vya ishara. Manispaa inaweza kuweka vibao, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni za magari ya abiria na kupanga nauli, kwa hiyo ina uwezo wa kuandika kwenye masharti ya leseni kwamba kupita kituo cha lazima bila kusimama ni kosa. Hilo halitaondoa hesabu ya jioni, na najua madereva watalalamika. Lakini magari yote yakilazimika kusimama shuleni, anayepakia wanafunzi hatakuwa amepunjwa na mwenzake aliyewapita.

Kwa kituo cha ishara, namna ya kutoa ishara nayo ina maana yake. Simama ukingoni, usishuke kwenye lami. Nyoosha mkono pembeni usawa wa bega gari likiwa bado mbali, uuache hapo mpaka uone linapunguza mwendo. Kupunga haraka haraka kunafanana na kumsalimu mtu wa ng'ambo. Usiku tumia tochi ya simu, ielekeze chini miguuni pako, usimmulike dereva machoni. Ukiwa ndani, sema mara gari likishaondoka kituo cha nyuma, usingoje mpaka ulione duka lako dirishani, kwa sababu breki ya ghafla inamwangusha aliyeshikilia bomba. Na gari likiwa limejaa kweli, konda atoe mkono dirishani awaonyeshe waliosimama kwamba hakuna nafasi, ili hata mtoto wa darasa la sita ajue ameonekana, abaki ukingoni kusubiri linalofuata.