Kubadilisha Vihisi vya Upepo wa Matairi Nyumbani: Kazi Huanza Kabla ya Jeki

Watu wanaotaka kubadilisha vihisi vya upepo wa matairi wakiwa nyumbani huniuliza kwanza namna ya kulitoa tairi kwenye rimu, ilhali hiyo ndiyo sehemu rahisi zaidi ya kazi yote. Ninachotaka wakijue kabla ya kushika jeki ni kwamba kihisi ni redio ndogo inayopima upepo ndani ya tairi na kulipa gari taarifa, yenye nambari yake ya pekee, na kwamba gari lisipoijua nambari hiyo, kihisi kipya kilichofungwa kwa ustadi wote hakitakuwa na faida yoyote kwa dereva.

Hapa Mombasa nawaona wateja wengi wenye vihisi vilivyokufa, na sababu yake inaeleweka. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, na waagizaji wengi hununua yale yaliyokaribia ukomo huo kwa kuwa bei yake ni nafuu. Betri ya kihisi, kwa upande wake, hudumu kati ya miaka 5 na 10, kwa hiyo gari hushushwa bandarini likiwa na vihisi vilivyobakiwa na muda mfupi sana. Betri hiyo imezamishwa ndani ya gundi ngumu ili isiingie maji wala kutikisika, na simshauri mtu yeyote aichimbue na kuunganisha nyingine kwa risasi ya kulehemu, kwa sababu kifaa hicho kitazunguka kwa kasi kubwa ndani ya gurudumu na kiungo dhaifu hakitastahimili. Kihisi kilichokufa hubadilishwa chote. Magari mengi ya kawaida yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana vihisi hivi kabisa, ila yale yaliyotoka Uingereza huwa nao mfumo wa kufuatilia upepo, kwa kuwa Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Marekani ilikuwa imetangulia, na magari yake madogo yote mapya yalitakiwa kuwa nao kuanzia Septemba 2007.

Soma taa ya dashibodi kabla ya kununua chochote. Taa ya njano ikiwaka na kutulia, maana yake ni kwamba tairi moja au zaidi limepungukiwa upepo, na dawa yake ni kipimo na pampu. Ikiwa inamweta kwa dakika moja au zaidi kidogo kila unapowasha gari, kisha ndipo inatulia, mfumo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi ni kihisi kilichonyamaza. Hakikisha pia kwamba gari lako lina vihisi ndani ya magurudumu, kwa maana baadhi ya magari hukisia upungufu wa upepo kwa kulinganisha kasi ya magurudumu kupitia mfumo wa breki za ABS. Katika magari hayo hakuna kihisi cha kubadilisha ndani ya tairi. Ukishajaza upepo sawasawa, unauanzisha mfumo upya kwa kitufe au kwenye menyu ya dashibodi. Valvu ya chuma mara nyingi ni ishara ya kihisi, lakini valvu ya mpira haithibitishi kwamba hakipo.

Sasa kuhusu ununuzi, ambako pesa nyingi hupotea. Vihisi vya magari ya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 433, na vya magari ya Marekani na Japani kwa kawaida hutumia 315. Ukifunga cha masafa yasiyo yake, gari halitakisikia kamwe hata ukifanya nini. Linganisha nambari ya bidhaa iliyochapwa kwenye kihisi cha zamani, au umpe muuzaji mwaka, modeli na soko ambalo gari lilitengenezewa. Chaguo ninalolipendelea kwa kazi ya nyumbani ni kihisi kinachoweza kuandikwa upya, kwa sababu fundi mwenye kifaa cha kuamsha vihisi anaweza kusoma nambari ya kile cha zamani na kuinakili kwenye kipya, na gari likaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ikiwa cha zamani kimekwisha betri na hakijibu, nambari yake mara nyingi bado inasomeka kwenye ganda lake, kwa hiyo usikitupe.

Kwenye kazi yenyewe, si lazima tairi litoke lote. Weka gari kwenye uwanda ulio sawa, zuia magurudumu mengine, liinue kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi imara, kisha toa gurudumu. Fungua sindano ya valvu, yaani kile kipande chembamba kilicho ndani ya shina lake, upepo wote utoke, na uhakikishe umetoka kweli. Mdomo wa nje wa tairi, yaani ukingo unaoshika rimu, uanze kuubandua upande unaotazamana na valvu, kamwe si karibu nayo, kwa maana kihisi kimekaa kwenye mzizi wa valvu na chuma kikishuka hapo kitakivunja. Ukishalegea pande zote, ubonyeze ubavu wa tairi chini karibu na valvu kwa mikono au kwa kipande cha mbao, ufungue nati ya nje, na ukitoe kihisi kupitia uwazi huo. Mwenye tairi gumu lenye ubavu mfupi asijitese. Afadhali ampelekee fundi wa pancha mwenye mashine na amwonyeshe kwa kidole mahali kihisi kilipo.

Valvu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika mji wa pwani. Shina lake ni la alumini, na chumvi iliyo hewani huila alumini inapogusana na metali ya aina nyingine. Kwa sababu hiyo sindano inayowekwa humo lazima iwe imepakwa nikeli, na kifuniko kiwe cha plastiki. Vile vifuniko vya chuma vinavyong'aa huganda kwenye shina, na mwenye gari akilazimisha kukifungua, valvu hukatika na upepo wote hutoka papo hapo. Badilisha pia raba, washa na nati kila unapofunga kihisi. Nati hiyo ni laini: kwa vihisi vingi haihitaji zaidi ya nyutonimita 8, nguvu ambayo spana ndefu huipita bila mkono kuhisi. Na ikiwa tairi liliwahi kumiminiwa dawa ya kuziba pancha, isafishe yote, maana huziba tundu dogo ambalo kihisi hupimia upepo.

Jaza upepo ili midomo ikae, bila kuvuka PSI 40, kisha ushushe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tairi likiwa baridi. Pakaza maji ya sabuni kuzunguka valvu utazame kama kuna mapovu. Gurudumu lipelekwe kusawazishwa, kwa kuwa uzito wa kihisi kipya unaweza kutofautiana na wa kile cha zamani.

Kama hukunakili nambari, sasa gari lifundishwe. Baadhi hujifunza yenyewe ukiliendesha kwa dakika kadhaa kwa mwendo wa barabara kuu, mengine huhitaji kila kihisi kiamshwe kwa zamu, na mengine huandikiwa nambari kwa skana kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi. Toyota na Lexus nyingi za miaka ya nyuma ziko katika kundi hili la mwisho, na kitufe chake kilichoandikwa SET huwapotosha wengi: kazi yake ni kuhifadhi kiwango cha upepo kilichopo, si kusajili kihisi kipya. Taa ikiendelea kumweta baada ya vihisi vyote vinne kusajiliwa, angalia gurudumu la akiba, kwa kuwa baadhi ya magari makubwa, hasa yale ya soko la Marekani, yana kihisi cha tano humo, nacho kina umri uleule wa vile ulivyovitoa.