Je, nyongeza za kulipia ni gemu iliyokatwa vipande?

Kwenye vibanda vya gemu vya Sinza na Manzese kuna imani ya siku nyingi: nyongeza ya kulipia (wahusika, mavazi au maeneo yanayouzwa kando ya gemu) ni kipande kilichonyofolewa kwenye gemu ili mteja alipe mara mbili. Ushahidi unaotajwa ni faili lenyewe. Ukishalipia linashuka dogo tu, kwa hiyo vitu vilikuwemo tangu mwanzo.

Imani hiyo haikutoka hewani. Street Fighter X Tekken ya 2012 ilikutwa na wahusika 12 wamefungiwa ndani ya diski, wakisubiri kulipiwa. Lakini faili dogo peke yake halithibitishi hivyo. Gemu nyingi za mtandaoni huweka nyongeza ndani ya sasisho la bure linalomfikia kila mtu, maana mpinzani asiyelipa lazima aone vazi ulilonunua. Unacholipia ni ufunguo. Nyingine hutengenezwa baadaye kabisa: Blood and Wine ya The Witcher 3 ilitoka 2016, mwaka mmoja baada ya gemu yenyewe, ikiwa na eneo jipya zima.

Linganisha tarehe za kutoka, soma kilichomo, kisha tazama video ya mtu anayeicheza. Nyongeza iliyotoka siku moja na gemu ndiyo ya kuchunguza zaidi, kwa maoni yangu.

Na kama unanunua diski iliyotumika pale Kariakoo: diski ya PlayStation 4 ya Ulaya kwa kawaida haikubali nyongeza ya duka la Marekani. Angalia namba ya CUSA, inayotambulisha toleo la gemu, ubavuni mwa kasha kabla hujalipia.