Je, wajua kwa nini ratiba ya shule ya kisiwa cha Lindisfarne hufuata maji ya bahari?

Lindisfarne, ambacho pia huitwa Kisiwa Kitakatifu, kiko pwani ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Wakazi wake hawafiki mia mbili. Wana shule yao ndogo ya Kanisa la Anglikana, na mara nyingi wanafunzi wake huhesabika kwa vidole. Inaendeshwaje, tena mahali ambapo barabara huzama baharini mara mbili kwa siku?

Tuanze na hiyo barabara. Ilijengwa mwaka 1954. Kabla ya hapo watu walivuka mchangani wakifuata nguzo zilizochomekwa kuonyesha njia, na nguzo zipo hadi leo. Maji yakipwa, lami huibuka ikiwa na mwani, magari yakapita. Yakijaa, kisiwa hukatika na bara kwa saa kadhaa. Njiani kuna kibanda cheupe kilichosimama juu ya miguu mirefu, chenye ngazi: aliyekutwa na maji huacha gari, hupanda humo na kusubiri waokoaji.

Watu wa Lamu na Pemba hawahitaji kuelezwa kwamba maji hayaji saa ile ile kila siku. Huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo njia iliyo wazi leo saa mbili asubuhi, baada ya wiki moja saa hiyo hiyo huenda ikawa chini ya maji. Hakuna kengele ya shule inayoweza kushindana na mwezi wa angani, unaovuta maji hayo.

Walichofanya ni kuiunganisha shule ya kisiwani na ya Lowick, kijiji cha bara, chini ya mwalimu mkuu mmoja. Maji yakiruhusu, watoto huvuka kwenda kusoma Lowick na wenzao. Yasiporuhusu, husomea kisiwani. Majedwali ya maji hutolewa mapema, hivyo wazazi na walimu hujua siku zipi ni za kuvuka na zipi ni za kubaki.

Kwangu mimi, uzuri wa mpango huu uko kwa mtoto mwenyewe. Wa miaka sita asiye na wa rika lake hata mmoja kisiwani atacheza mpira na nani? Atasomeana hadithi na nani? Lowick anawapata. Na siku bahari inapofunga njia, hakosi masomo.

Fedha nazo zina sehemu yake. Nchini humo bajeti ya shule hutegemea zaidi idadi ya wanafunzi, ingawa shule ndogo za maeneo yenye watu wachache huweza kuongezewa kidogo. Kugawana mwalimu mkuu kunapunguza gharama. Sheria ya elimu ya mwaka 2006 pia inamtaka anayependekeza kufunga shule ya msingi ya kijijini apime kwanza athari kwa jamii, suala la usafiri na njia mbadala. Haizuii kufunga, lakini inawapa wanakijiji nafasi ya kujitetea.

Wakubwa wa sekondari ndio wenye kazi ngumu zaidi, kwa kuwa shule zao ziko bara. Kwa miaka mingi vijana wa kisiwani walilazimika kulala huko siku za masomo na kurudi nyumbani wikendi, maji yakipwa.