Ugomvi na refa: kanuni ambazo wachezaji wanazitaja lakini hazipo

Refa amepuliza, mkono umenyooka kuelekea kwenye nukta ya penalti. Kabla haujashuka, wachezaji watano wameshamzonga. "Nimeugusa mpira kwanza!" "Mimi nahodha, nisikilize!" "Kwani nimekutukana?" Kelele hizi nimezisikia miaka mingi nikiwa pembeni ya mstari, kibendera mkononi, na hasira yao hainishangazi hata kidogo. Mpira bila hasira si mpira. Kinachonishangaza ni kwamba watu wazima wako tayari kulimwa kadi kwa kutetea kanuni ambayo haijawahi kuandikwa popote.

"Nahodha ana haki ya kuhoji uamuzi"

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi. Ukweli ni kwamba Sheria ya 3 ya soka inamnyima nahodha hadhi au upendeleo wowote wa pekee. Inachompa ni wajibu: kwa kiasi fulani anabeba dhamana ya mwenendo wa timu yake. Wenzake wakimzonga refa, kazi ya nahodha ni kuwaondoa, na wengi ninaowaona ndio wanaotangulia.

Aliyeifanya dhana hii ijulikane duniani kote ni Antonio Rattín, nahodha wa Argentina. Tarehe 23 Julai 1966 uwanjani Wembley, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza, refa Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi alimtoa nje. Rattín hakutoka. Alionyesha kitambaa chake cha unahodha na kudai aletewe mkalimani, maana yeye na refa hawakuwa na lugha moja. Mchezo ulisimama kwa dakika kadhaa kabla hajakubali kuondoka. Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa akisimamia waamuzi wa mashindano yale, alibaki akiwaza namna ya kumweleza mchezaji wa lugha yoyote kwamba ameonywa au ametolewa. Jibu alilipata akiwa barabarani, kwenye taa za kuongozea magari. Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico likaanza na kadi za njano na nyekundu. Kwa hiyo nahodha anayepunga kitambaa mbele ya refa ajue kwamba kadi yenyewe imezaliwa na kitendo kama hicho.

Siku hizi dhana imepata nguvu mpya. Kwenye Euro 2024, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliagiza kwamba nahodha pekee ndiye amwendee refa kuuliza, na atakayemfuata bila kuhusika aonyeshwe njano. Nahodha akiwa kipa, timu inamtaja mchezaji mwingine asiye kipa kushika nafasi hiyo. Watu wakatafsiri kwamba nahodha amepewa leseni ya kubishana. Sivyo. Amepewa nafasi ya kuuliza na kujibiwa, kwa adabu. Akianza kufoka, njano inamhusu kama mwingine yeyote.

"Sikumtukana, kadi ya nini?"

Hapa kuna makosa mawili tofauti yanayochanganywa. Kutukana au kumdhalilisha mtu ni kadi nyekundu moja kwa moja. Kupinga uamuzi ni njano, na kupinga kunafanyika kwa neno au kwa kitendo. Mdomo unaweza kuwa umefungwa kabisa. Kuutupa mpira chini kwa nguvu, kumfuata refa mikono ikiwa juu, kumpigia makofi ya kejeli, yote hayo yanatosha.

Muulize Wayne Rooney. Septemba 2005, Manchester United wakiwa ugenini kwa Villarreal, refa Kim Milton Nielsen alimwonyesha njano. Rooney akampigia makofi. Si makofi ya pongezi, na kila aliyekuwa akitazama alielewa. Njano ya pili, kisha nyekundu. Wale wanaochora kiboksi hewani kwa vidole kudai VAR, yaani marejeo ya video, nao wamo humu: kuizidisha ishara hiyo kumeandikwa kabisa kuwa ni njano, ingawa marefa wengi huwaonea huruma. Binafsi nisingewaonea.

"Nimecheza mpira"

Beki anateleza, ncha ya kiatu inaugusa mpira, mpira unatoka. Lakini mguu haukuishia hapo. Umeendelea, meno ya njumu yako juu, na yanatua kwenye ugoko wa mshambuliaji. Beki anainuka akichora duara kwa mikono yake: mpira, refa, mpira!

Sheria haina kipengele kinachosema aliyeugusa mpira kwanza amesamehewa. Refa anapima jinsi wewe ulivyoingia kumkaba mwenzako. Ukiingia kizembe ni faulo bila kadi. Ukiingia bila kujali hatari unayomletea mwenzako ni njano. Ukitumia nguvu kupita kiasi na kuhatarisha usalama wake ni nyekundu, hata kama mpira uliuchukua wewe. Na ile "mtu wa mwisho" inayosikika kila wiki, kwamba beki wa mwisho akifanya faulo lazima alimwe nyekundu? Haimo. Refa anaangalia umbali hadi golini, mwelekeo wa shambulizi, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki walipo na idadi yao.

"Mechi ikiisha, kadi zimeisha"

Hapana. Mamlaka ya kuonyesha kadi yanaendelea baada ya kipyenga cha mwisho, mpaka refa atoke kwenye eneo la kuchezea.

"Refa akishapuliza, hakuna kubadilisha"

Hii ni nusu kweli, na ndiyo maana inasumbua. Refa anaruhusiwa kujirekebisha mradi mchezo haujaanza tena. Ila halazimiki kumwamini mchezaji, hata anayejishtaki. Machi 1997, Robbie Fowler wa Liverpool alianguka mbele ya kipa wa Arsenal, David Seaman, akainuka na kumwashiria refa kwamba hakuguswa. Penalti ikatolewa vilevile. Fowler akapiga, Seaman akaupangua, na Jason McAteer akaumalizia wavuni. Machi 2014 Alex Oxlade-Chamberlain aliunawa mpira dhidi ya Chelsea, refa akamtoa mwenzake wa Arsenal, Kieran Gibbs. Oxlade-Chamberlain alisema kabisa kwamba ni yeye. Gibbs akatoka. Kosa la kumtoa asiyehusika lilikuja kusahihishwa mezani baadaye, lakini Arsenal walishafungwa 6-0.

Alichokiona refa uwanjani, kama ni faulo au si faulo, goli au si goli, ndicho cha mwisho. Kuikosea sheria yenyewe ni jambo jingine. Septemba 2005, Uzbekistan na Bahrain walikuwa wakiwania kufuzu Kombe la Dunia. Uzbekistan wakaongoza 1-0, wakapata penalti na kuifunga, lakini mchezaji wao aliingia ndani ya boksi mapema. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Refa akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Mechi iliisha 1-0, Uzbekistan wameshinda, na bado wakakata rufaa, wakitaka wapewe ushindi wa 3-0.

FIFA ilikubali kwamba sheria imekosewa, ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe. Ikaisha 1-1. Marudiano kule Bahrain yakawa 0-0, na Bahrain wakasonga mbele kwa bao la ugenini.