Margherita oksijeni ni asilimia ileile, kwa nini pumzi haitoshi?

Wanaopanda milima ya Rwenzori, Uganda, kutoka mji wa Kasese husikia kwamba kule juu oksijeni ni haba. Ukipima hewa kavu yenyewe, utakuta oksijeni ni asilimia 21 hivi, iwe Kampala au kileleni Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote, na shinikizo la oksijeni hushuka nalo.

Mwaka 1801 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba katika mchanganyiko wa gesi zisizomenyuka, kila gesi hutoa shinikizo lake kana kwamba imejaza chombo peke yake. Ili kulipata, zidisha shinikizo zima kwa sehemu ya gesi hiyo. Kampala hewa ina kilopaskali (kipimo cha shinikizo) 88 hivi: 88 × 0.21 ni 18.5. Margherita, penye takriban 54, oksijeni hubaki na 11.3 tu.

Wanafunzi wa S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita) wajihadhari hapa: sehemu hiyo huhesabiwa kwa moli, yaani kwa idadi ya chembe, si kwa gramu. Chupa yenye gramu 32 za oksijeni na gramu 4 za heli ina moli moja ya kila gesi. Shinikizo zima likiwa kilopaskali 200, kila moja ina 100, ingawa oksijeni ina uzito mara nane. Anayegawanya kwa gramu atapata jibu linalopendeza macho na lisilo na maana.

Mapafuni hesabu huwa kali zaidi. Hewa tunayovuta hulowana njiani, na kwa joto la mwili, nyuzi 37, mvuke wa maji huchukua kilopaskali 6.3 bila kujali uko bondeni au mlimani. Ondoa kwanza mvuke huo, ndipo uzidishe. Kampala: (88 − 6.3) × 0.21, yaani 17.2. Margherita: (54 − 6.3) × 0.21, yaani 10.

Barakoa inayofikisha oksijeni asilimia 36 ingemrudishia mpandaji wa Margherita zile 17.2 za Kampala. Lakini chupa huisha. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, asipandishwe zaidi. Akizidiwa, akianza kuyumba au kukosa pumzi hata amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.