Mtoto Akisema "Nichoree", Usimpokonye Kazi

Mtoto wa miaka mitano anamletea mama yake daftari na penseli: "Mama, nichoree samaki." Mama anachora yai refu, anaweka pembetatu kuwa mkia na nukta kuwa jicho. Kazi ya sekunde kumi. Mtoto anafurahi, na kesho anarudi na ombi lile lile, kwa sababu amejifunza mambo mawili kwa mpigo: samaki huchorwa hivyo, na yeye mwenyewe hawezi.

Wazazi na walimu wengi wa Mtwara na Lindi wanapotuuliza wafanye nini ili watoto wawe wabunifu na wajiamini, hutegemea kuambiwa wanunue kitu. Jambo la kwanza halina gharama: acheni kuwachorea. Mengine yote yaliyomo humu yanatoka hapo.

Akiomba samaki, mpe samaki. Pwani yetu hii samaki hawakosi. Weka changu au kibua kwenye sinia kabla hajakwanguliwa magamba, mketi mbele yake, kisha uliza. Jicho liko karibu na mdomo au karibu na mgongo? Mdomo unatazama mbele au chini? Mapezi mangapi, na lipi limesimama mgongoni? Mkia umepasuka katikati au umenyooka? Mwili mnene zaidi ni wapi? Usijibu wewe. Baada ya hapo apitishe kidole pembezoni mwa samaki, kuanzia mdomoni hadi mkiani na kurudi kwa tumboni, taratibu, kama hesabu ya moja hadi kumi. Kidole hicho hicho kirudie njia ile mchangani. Penseli ije mwisho. Mtoto aliyepitia hatua hizi atachora samaki mwenye mapezi mahali pake, hata kama mistari inatetemeka.

Kosa la kawaida hapa ni kuishiwa nafasi. Watoto huanza na kile kinachowavutia, mara nyingi jicho, wakaliweka katikati ya karatasi kubwa kama sahani, na mkia ukakosa pa kukaa. Usifute. Gundisha kipande kingine cha karatasi pembeni, mkia uendelee huko. Mara ijayo, kabla hajaanza, muulize mdomo utaanzia wapi na mkia utaishia wapi, aweke nukta mbili. Nukta hizo zinatosha. Ukimwekea na mstari wa katikati umeshaanza kumchorea tena.

Tatizo jingine linatoka vitabuni. Mtoto wa Newala aliyezungukwa na mikorosho anachora mti wa matufaha, na nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Hajawahi kuona hata kimoja. Amenakili, na amenakili vizuri, lakini macho yake hayakufanya kazi. Vitabu vya kupaka rangi ndani ya mistari vina faida yake ya kuzoesha mkono, ila visiwe ndiyo somo lote la kuchora.

Hatua zinazopitiwa

Ugomvi mwingi kati ya mtu mzima na mtoto juu ya picha unatokana na kutojua kuwa uchoraji hukua kama meno: una mpangilio wake. Umri ninaoutaja ni wa kukadiria. Mtoto aliyeshika penseli kwa mara ya kwanza darasa la awali atapita hatua hizi akiwa mkubwa kidogo, na hakuna ubaya.

Kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili ni mikwaruzo. Mkono mzima unatembea kutoka begani, ndiyo maana karatasi ndogo humshinda. Karibu na miaka mitatu anaweza kufunga duara. Kisha huja mtu wa ajabu: kichwa kimoja kikubwa, na miguu inaota moja kwa moja kidevuni. Hapa ndipo mzazi anauliza, "Mtu gani huyu hana tumbo?" Ajabu ni kwamba mzazi huyo huyo, akiona kinyago cha shetani cha Kimakonde chenye jicho moja na mdomo uliopinda hadi sikioni, anakiita sanaa na yuko tayari kukinunua. Tumbo litakuja lenyewe mtoto akikaribia miaka mitano.

Kati ya mitano na saba anaweka mstari wa ardhi chini, anga imekuwa utepe juu, na katikati hakuna kitu. Anachora nyumba ambayo ukuta wake unaonyesha waliomo ndani. Anamchora bibi mkubwa kuliko mnazi kwa sababu bibi ndiye muhimu. Haya si makosa ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ni namna ya kueleza anachokijua.

Hatua ya hatari ni miaka tisa hadi kumi na moja. Mtoto ameanza kulinganisha picha yake na kitu halisi, na picha ya jirani, akajiona ameshindwa. Anafuta mpaka karatasi inatoboka. Anakunja mkono kuficha daftari. Wengi huacha kuchora hapa na hawarudi tena. Dawa ya kwanza ni kuondoa kifutio kwa muda: mpe chaki au mkaa, na mstari mbaya ubaki, mzuri upite juu yake. Dawa ya pili ni kumpa kitu ambacho hakuna anayeweza kumwambia amekosea.

Na Lindi tunacho. Huko Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walifukua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, wakaisafirisha kwao. Mmoja ameunganishwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin: zaidi ya mita 13 kwenda juu, na urefu wa takriban mita 22. Wapeleke watoto uwanjani, wapime mita 22 kwa kamba, wachore mnyama huyo kwa ukubwa wake kamili mchangani kwa vijiti. Shingo ndefu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, hayo mifupa inayasema. Ngozi yake ilikuwa na rangi gani? Ilikuwa na madoa? Mifupa haisemi. Kila mtoto yuko huru, na yule aliyekuwa anaficha daftari anajikuta anabishana na wenzake kuhusu milia. Vikundi vya watoto sita, kila kimoja na sehemu yake ya mwili, huzuia msongamano kichwani, maana wote hutaka kuchora meno.

Namna ya kusema na mtoto

"Umechora nini?" ni swali linalomwambia mtoto kuwa picha haieleweki. Afadhali "Nisimulie." Na badala ya "Nzuri sana!" ya kila siku, taja unachokiona: "Hapa umekandamiza sana, pale umepitisha kwa wepesi." "Mitumbwi yako yote imeelekea upande mmoja." Sifa ya jumla huisha utamu haraka, na mtoto huanza kuchora ili asikie sifa. Kauli inayotaja kitu humwonyesha kuwa umetazama kweli.

Zawadi nazo zina mtego. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti cha sifa wakichora; wengine hawakuahidiwa chochote. Wiki moja hadi mbili baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora. Wenzao waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo pipi ya ghafla haina neno. "Chora vizuri nikupe pipi" ndiyo inayoua.

Jambo moja zaidi, fupi lakini zito: mkono wa kushoto. Adabu ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia ibaki kama ilivyo nyumbani, ila penseli ishikwe na mkono unaoitaka. Karatasi ya mtoto huyo iinamishwe kidogo, ncha yake ya juu ielekee kulia, na mwanga utokee upande wa kulia ili kivuli cha mkono kisifunike mstari.

Vifaa

Penseli ngumu nyembamba ndiyo kifaa kibaya kuliko vyote kwa mtoto wa miaka mitatu: inadai nguvu asiyokuwa nayo na inaacha mstari hafifu. Vipande vya chaki au rangi za nta vya sentimita tatu hadi nne vinafaa zaidi. Ufupi wake humlazimu ashike kwa ncha za vidole, na huo ndio mshiko atakaouhitaji akianza kuandika.

Mkaa wa kuchorea unatengenezwa nyumbani, na mabua ya mbaazi yaliyobaki shambani baada ya mavuno yanafaa mno: mepesi, yamenyooka. Chagua yenye unene wa penseli, kata urefu wa kidole, menya ganda, anika wiki nzima. Yapange yakiwa yamebanana ndani ya kopo la maziwa ya unga, funika, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko. Weka juu ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja, epua, ziba tundu kwa udongo na uache kopo lipoe kabisa. Hapo pa mwisho ndipo wengi huharibu. Ukifungua kopo likiwa la moto, hewa huingia na mkaa huwaka ukawa majivu. Kijiti kikitoka cha kahawia na kinakwaruza karatasi, hakijaiva, kirudishe. Kazi ya moto ni ya mtu mzima.

Msitumie maganda ya korosho mbichi kuchorea, ingawa yanaacha alama nyeusi nzuri. Mafuta yake huunguza ngozi na kuacha malengelenge, na mtoto hujifuta macho kwa mkono ule ule.

Rangi ya kupaka kwa vidole: chekecha kikombe kimoja cha unga wa muhogo, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku unakoroga. Ikishakuwa nzito na kung'aa, epua, tia kijiko cha chai cha chumvi, na sabuni ya maji kidogo ili itoke nguoni. Ikipoa, gawa. Vijiko vinne vya uji huo kwa kijiko kimoja cha unga wa rangi: mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochekechwa, manjano, au chaki nyeupe. Unga ukizidi, rangi ikikauka hupasuka na kupukutika. Maji ya choya hutoa wekundu, na ukitia magadi kidogo wekundu hugeuka kuelekea kijani au buluu. Watoto huacha kuchora kabisa kwa robo saa, wanachanganya tu, na waachwe. Rangi hii hudumu siku mbili hivi kabla ya kuchacha kwa joto letu.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani. Ni kweli, lakini alikuwa mtu mzima. Rangi hizo na tina yake zina mvuke wenye madhara, na za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Wekeni mbali.

Karatasi: maboksi yaliyokunjuliwa, migongo ya kalenda za mwaka jana, na mifuko ya saruji. Mifuko ichanwe, tabaka la ndani lililogusa saruji litupwe, yabaki mengine, yakung'utwe nje mbali na watoto. Upepo wa kusi ukivuma, mawe manne pembeni.

Familia isiyopenda viumbe kuchorwa

Wapo wazazi ambao, kwa imani yao, hawapendi mtoto achore mtu au mnyama. Hakuna haja ya kubishana nao. Mpe mtoto kazi ya kubuni kanga, nayo ni ngumu kuliko samaki. Karatasi ya sentimita 30 kwa 20, pindo la sentimita nne kuzunguka pande zote, mji katikati, na nafasi ya jina. Pindo ni pambo linalojirudia, na shida iko kwenye kona: pambo lililokuwa linakwenda mlalo linageukaje kwenda wima bila kukatika? Wengine huanza kona zote nne kwanza, kisha wakajaza katikati. Wengine huweka ua kubwa kuficha maungio. Wapewe kanga za nyumbani wachunguze wabunifu walifanyaje. Ukili wa mkeka na nakshi za milango ya Mikindani zinafanya kazi hiyo hiyo.

Kusoma picha kupita kiasi

Mtoto akichora kila kitu cheusi, tazama kwanza boksi la rangi. Huenda nyeusi ndiyo iliyobaki. Picha moja haithibitishi lolote. Ila ikiwa mtoto amebadilika ghafla, halali vizuri, anaogopa mtu fulani, na michoro yake inarudia jambo hilo hilo, msikilize bila kumhoji kama polisi, kisha mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.

Kuhusu kutunza: bandika picha kwenye kimo cha macho ya mtoto, kama sentimita 100 kutoka sakafuni kwa wa miaka minne au mitano, na nyuma uandike tarehe na umri. Jina mbele aandike mwenyewe, au asiandike. Zilizozidi ziwekwe ndani ya boksi lililoning'inizwa darini, kwa sababu likikaa sakafuni mchwa watalimaliza kabla ya masika. Za kuwashia moto achague mwenye nazo.